Swali Nililouliza Kwenye Bodi

Shikamoo Mama,

Natumaini mguu umepungua uvimbe, na kwamba Mama Mdogo anakulazimisha kutembea hata ukinuna. Sisi huku tunaendelea. Simu zangu hupokei, nami sikulaumu. Najua maneno yaliyokufikia: kwamba mwanao wa kike alisoma sana ili aje kumng'oa kaka yake kwenye kiti alichoachiwa na marehemu Baba. Nimeona niandike, maana barua hata ukiitupa kwa hasira, hasira ikipoa utaiokota.

Utafiti wangu uliutania siku zote, ukiwaambia majirani kwamba nasomea jinsi wakubwa wanavyokaa vitini. Hukukosea sana. Nilitaka kujua kwa nini kampuni mbili zenye mitambo sawa na soko moja, moja hunenepa na nyingine hukonda, na bodi zao zina mkono gani katika hayo. Baada ya kuzunguka viwanda vya watu, nilimwomba Kaka anikaribishe kwenye vikao vya kiwanda chetu cha sabuni. Alifurahi. Aliniwekea kiti karibu na dirisha, akanionya kwa utani kwamba mtafiti ni kama paka wa jikoni: aone yote, asiseme lolote.

Mama, kiwanda kimekonda. Chumba cha kukaushia sabuni ni nusu tupu. Mimi niliona sababu iko wazi: Kaka ni mwenyekiti, Kaka huyohuyo ndiye mkurugenzi mtendaji, na wajumbe ni marafiki wa Baba wasiotaka kumuudhi mtoto wa rafiki yao. Tunaambiwa penye wazee haliharibiki neno. Pale liliharibika mbele yao, nao wametulia kama maji mtungini.

Katika kikao cha kwanza Kaka aliomba idhini ya kununua mashine mpya ya kukatia sabuni, akapewa. Kikao kilichofuata mashine ilikuwa imeshafungwa, tunaisikia ikinguruma chini ya sakafu, naye akaomba kuinunua tena, kwa maneno yaleyale, hata na mzaha uleule kuhusu ile ya zamani. Mhasibu aliinamisha kichwa. Mjumbe mkongwe kuliko wote, yule tuliyemwita Babu Kofia, alinyoosha mkono kuunga mkono. Wengine wakamfuata.

Nilimfuata Babu Kofia kwenye ngazi nikiwa na hasira, nikamuuliza wanampeleka wapi ndugu yangu. Alishikilia ukuta akasema si mara ya kwanza. Mhasibu hufuta oda zinazojirudia, na katibu humnong'oneza majina ya wageni kabla hawajaingia. "Binti yangu," akasema, "tulidhani tunamheshimu baba yenu."

Nilikwenda moja kwa moja kwa wifi. Alianza kulia kabla sijamaliza swali. Alisema Kaka amewahi kupotea akirudi nyumbani, kwenye barabara anayoipita tangu ujana wake, na kwamba Kaka mwenyewe alimwapisha asikwambie. Mimi niliyejigamba kusoma bodi za watu, nilikuwa nimemtazama ndugu yangu kwa miezi na kuona cheo tu.

Sasa nikwambie nililolifanya. Katika kikao cha mwisho Kaka aliomba tena idhini ya kununua ile mashine. Niliomba ruhusa, nikasimama, nikamuuliza mashine tuliyonunua iko wapi. Hakukasirika. Alinitazama kwa upole, akamgeukia katibu na kusema, "Huyu dada anauliza vizuri. Ametoka kampuni gani?"

Safari hii hakuna aliyenyoosha mkono. Babu Kofia alimshika bega, akamwambia wapumzike kidogo, wakatoka pamoja. Daktari anasema ni maradhi ya kusahau, na hayarudi nyuma. Bodi imemteua meneja wa nje. Kwa hiyo ni kweli, Mama, swali langu ndilo lililomtoa. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami sikutaka aumbuliwe na wasiompenda. Hata hivyo silali vizuri.

Asubuhi bado anavaa suti. Wifi humkalisha barazani, nami hupita kumsalimia. Siku nyingine hunijua, siku nyingine hunipa mkono kama mteja. Ila wewe anakuulizia kila siku, kwa jina lako. Njoo, Mama, angali nalo.

Msalimie Mama Mdogo, umwambie akusindikize.

Ni mimi, kitindamimba wako.