Sabuni Ilishika Bila Miye

Kwa mudogo yangu Godelive, kule Boga,

Nakusalimia na moyo yote. Mugongo yako ingali inauma? Batoto banakula? Siye huku Bunia tuko, Mungu anatulinda. Ila kichwa yangu iko inazunguka, na weye utanisaidia.

Unajua nilianzisha kazi ya sabuni na bamama balikimbia vita ya Djugu. Mafuta ya mawese na soda kali ya sabuni inapaswa kukorogwa bila kupumzika. Mukono ukilala, sabuni inakatika, inabaki maji. Miye nilikuwa nasimama pale na fimbo, nabaambia ni bavivu, mikono kama ya maiti. Banachelewa, bananuna, sabuni inakatika. Nikasema hawa hawana moyo ya kazi.

Kisha goti ikanivimba. Nikaachia Bénédicte kazi, kijana mumoja kati yabo, wa mudomo laini kama ndizi ya kuchemusha. Sikufiche, nilifurahi: nilijua atashindwa, batakuja kuniomba.

Hawakuja. Nikajikokota mupaka kwa lupango yabo, ule uwanja banakorogea sabuni, nikachungulia. Godelive! Bote balikuwa bamefika mapema, banacheka. Bénédicte akauliza kila mutu amelala je, akashika mwiko yeye wa kwanza. Martine, ule hasemaka neno, nilikuwa namuita kisiki, akaanza wimbo. Mwingine akaudaka, na mwingine, mupaka bananyanganyana mwiko. Na sabuni ikashika, ngumu kama jiwe! Nani alibasukuma? Hakuna mutu alipiga kelele. Sielewe, nakuapia.

Jana Martine akaniletea kipande ya ile sabuni, akaniuliza miye, Mama Prezidante wabo, goti itapona lini, maana zamu yangu ya mwiko inaningojea. Zamu! Miye! Nikamujibu goti ingali mubaya.

Ni uongo. Goti ilipona zamani. Nachechemea tu batu bakipita. Naogopa nikiingia pale, wimbo itanyamaza.

Sasa unijibu, usiweke sukari. Wakati tulikuwa tunalima shamba ya mama kule Marabo, miye nyuma yako na fimbo, ulikuwa unapenda ile kazi, ao ulikuwa unaniogopa tu? Sema kweli. Lakini bila kiburi, miye njo mukubwa.

Unisalimie Sébastien bwana yako, umuambie apunguze pombe. Ile fimbo, leo nimeitia mu moto chini ya maharagi. Sijue kama nimefanya vizuri. Maharagi imeiva.

Mukubwa yako,
Gertrude