Dawa ya Asubuhi ya Babu Yako

Kabati, Kitui

Kwako mwanangu Kanyiva,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na bwana yako na huyo mgeni mdogo mliyempa jina langu. Natumaini maziwa yanatoka vizuri na unakunywa uji wa wimbi, si chai tupu kama ulivyozoea. Sisi huku tuko salama. Mvua imekuja na ndengu zimeshika, hata zile za upande wa mawe.

Najua unajiuliza kwa nini mama anaandika barua na simu iko. Kwa simu ungeanza kulia, na mimi nikisikia mtoto nyuma yako ningekubali kila kitu. Kwa hiyo soma polepole mpaka mwisho.

Kwanza nikupe habari njema. Mama yako sasa ndiye anayesukuma kitoroli cha dawa katika nyumba hii ya wazee. Wewe ulijua naosha mashuka na kugeuza wagonjwa kitandani. Hiyo ilipita. Sista Kalondu, muuguzi mkuu wetu, alitazama wafanyakazi wote, na wako waliomaliza fomu foo, akasema Ndila ajaribu. Mimi wa darasa la saba. Mwanzoni nilikuwa nikimaliza mzunguko wa asubuhi wakati wenzangu wanapakua chakula cha mchana. Sista alinicheka, akasema wazee wangu watakuwa wamepona au wamekufa kabla sijafika kitanda cha mwisho dirishani.

Basi alinifundisha. Dawa anaipanga yeye, mimi naigawa. Jagi la maji lijae kabla ya kuondoka, na uji mzito uwe karibu kwa wale ambao vidonge vyao vinapondwa. Uite jina, uangalie uso, usome kadi, ndipo umpe. Usimimine dawa ya watu wawili kwa pamoja hata kama una haraka. Wanaomeza vizuri waanze, wabishi wangoje. Na usiulize mtu habari za ng'ombe wake kabla hajameza, maana utajibiwa. Lakini kubwa kuliko yote, usiweke alama kwenye kadi mpaka uone koo limepanda na kushuka, na ulimi umeinuliwa. Mwanangu, niliyashika hayo kama nyimbo za kanisa. Sasa namaliza chai ikiwa bado moto. Hata mzee Bile, yule Msomali aliyekuwa akileta ng'ombe soko la hapa zamani, amesema mkono wangu ni mwepesi kama wa mtu anayehesabu mbuzi wa wizi. Kwake hiyo ni sifa.

Sasa nije kwa babu yako. Ulisikia kwamba ule ugonjwa wa kutetemeka ulimzidi, na baba zako wadogo wakamleta hapa. Wakamlaza kitanda kilicho karibu na cha Bile, katika wodi yangu. Dawa yake haingoji. Ikichelewa kidogo anakauka, mkono haufunguki, hata kope zinakuwa nzito. Sista akasema mzunguko wa asubuhi uanze na mzee Nzomo.

Wewe ulimkalia babu huyo mapajani na kumvuta ndevu, kwa hiyo labda hujui. Mimi ni mke wa mwanawe. Tangu baba yako Muindi anioe, mpaka tukamzika, sijawahi kumtazama mzee huyo usoni. Tukikutana njiani nilikuwa naingia majanini apite. Hiyo ndiyo nthoni, haya ya wakwe kwetu Wakamba, na hata tulipookoka sote iliokoka pamoja na sisi. Mtu wa namna hiyo nitamwambiaje fungua mdomo, inua ulimi?

Nilifanya nilivyoweza. Niliweka kikombe cha dawa na cha maji juu ya kimeza, nikampa mgongo kwa heshima. Nikisikia kimya nilijua amemeza, nikaweka alama na kusukuma kitoroli. Siku zikaenda hivyo. Yeye akazidi kukauka, daktari akaanza kusema dawa iongezwe. Ndipo mzee Bile aliponiita kando na kuniuliza kama katika dini yetu kuna mtu anayelisha shuka dawa, kwa sababu jirani yake anafanya hivyo kila asubuhi. Nikainua blanketi. Vidonge vilikuwa mle, vingine vimeyeyuka. Mikono yake haikuweza kufikisha kikombe mdomoni, na hangeweza kumwomba mke wa mwanawe amshikie. Alikuwa anangoja niondoke ndipo avimwage mle, ili asiniaibishe.

Nilimwambia Sista siku hiyo hiyo. Alinikemea vikali kwa zile alama, na nilistahili. Alisema ukivaa hii nguo ya kazi wewe si mke wa mtu. Lakini yeye pia ni Mkamba, akashusha sauti, akasema dawa ya asubuhi ya mzee Nzomo atampa mwenyewe. Ila yeye ni mmoja na wodi ni mbili. Akishikwa upande wa akina mama, babu yako anangoja, na mimi nasimama pale na kikombe.

Huku nje, Kanyiva, mdomo wangu ulikuwa unanichimbia shimo. Siku ya shukrani kanisani nilisimama nikashuhudia jinsi Mungu alivyoniinua, na kwamba Kitui nzima hakuna anayegawa dawa kunishinda. Watu walipiga makofi. Baba yako mdogo Mutie alikuwa benchi la mbele, na yeye hakupiga. Alikuwa anafikiria. Jumapili iliyofuata akaja na machungwa, akaniambia familia imeketi. Wanaona si vizuri mzee kukaa na wageni wakati mke wao ndiye fundi, na nyumba yangu ya Matinyani ina chumba kitupu tangu uolewe. Nikamuuliza, na nthoni je? Nilisimama nyuma ya neno hilo kama mbuzi nyuma ya ua wa miiba. Akasema hiyo si kitu, mzee atoe mbuzi, wazee wamle, nthoni iondoke, kama ilivyofanywa siku zote. Pasta aliulizwa, akasema nyama ni nyama, tuombee tu na tusimwage chochote chini.

Aliyekataa ni babu yako. Hakuniambia mimi, alimwambia Bile, na mimi nikiwa nimesimama hapo nikitazama ukuta. Alisema Bile amwambie mama huyo kwamba yeye mbuzi hatoi. Anasikia mama huyo ana mjukuu huko kwenu Mbumbuni anayemngoja. Akitoa mbuzi atakuwa amemfunga kwa kamba ya mbuzi huyo, na yeye hajawahi kufunga mtoto wa watu. Bile alinigeukia ili anipe ujumbe kana kwamba niko Garissa. Akaongeza ya kwake, kwamba katika biashara yake yote hajaona mzee anayemkomboa mtu kwa kukataa kutoa mbuzi.

Kwa hiyo mlango wa kuja kwako ulikuwa wazi, mwanangu. Mkataba wangu unaisha Desemba. Begi lilikuwa limefungwa chini ya kitanda. Ningenyamaza tu.

Asubuhi moja Sista alichelewa sana. Babu yako alikauka mpaka mate yakamshuka kidevuni, na macho yake yalikuwa kwa kile kikombe nilichoshika. Mikono hii inayosifiwa kanisani ilikataa kusogea. Ilibidi Bile ashuke kitandani na mguu wake mbaya, amnyweshe, nusu ikamwagika. Nilisukuma kitoroli mpaka kwenye stoo nikakaa juu ya gunia la mashuka.

Sasa hili nakuambia wewe peke yako. Yule mbuzi wa sikio jeupe uliyeniachia ulipoolewa, tuliyesema nitakuja naye Mbumbuni ili mtoto apate maziwa, ndiye aliyechinjwa Jumamosi. Mzee ameambiwa ni Mutie aliyemtoa kwa niaba yake. Mutie ameambiwa mzee alibadilisha nia. Mbuzi nilimtoa mimi. Hakuna aliyenilazimisha, na siwezi kumlaumu mtu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumatatu nilimwinua babu yako, nikashika kidevu chake, nikamwambia afungue mdomo. Alimeza, akainua ulimi kama mtoto wa shule. Kisha akanitazama. Akasema kumbe lile pengo la meno la Kanyiva lilitoka kwangu, miaka hii yote alidhani ni la upande wao.

Wiki ijayo wanamleta Matinyani. Sista amenipa vikombe vidogo vya dawa niende navyo, na amesema mtu kama mimi hatapata tena. Kitanda chake kitakaa katika chumba chako, kwa sababu ndicho chenye dirisha. Begi nimelifungua. Usininunulie godoro, na kile chumba mlichonijengea mpeni mtu mwingine kabla ya panya kukizoea. Desemba siji. Sijui nitakuja lini. Babu yako ana moyo wenye nguvu, Sista mwenyewe anasema, na nikimpa dawa kwa wakati ataishi sana. Nami nitampa kwa wakati. Unanijua.

Msalimie bwana yako, na mama mkwe wako, umwambie nashukuru kwa maembe. Mtoto umwambie ana jina la mtu anayejulikana Kabati nzima.

Anayeleta barua hii atakupa na mbeleko niliyoshona. Niliipima kwa mgongo wangu. Ukiona ni kubwa, ipunguze.

Ni mimi mama yako akupendaye,
Ndila wa Muindi