Vijiti Nyuma ya Jiko la Mama Ernestine

Kasongo, Februari 1956

Yaya wangu Régina,

Dada yangu mkubwa, mimi mdogo wako Raphaël niko muzima. Mke wangu Clémentine anakusalimu. Mtoto ameota meno na anatuuma sote.

Yule Mzungu wa jeolojia ninayembebea vyombo amemaliza kupima ukingo wa mto huko kwenu Nyangwe. Anasema maji yamekula udongo kwa chini, na mvua kubwa zikija ukingo utaporomoka pamoja na nyumba. Ametukataza kusema mpaka wakubwa waamue, watu wasije wakakimbia mashamba ya pamba. Mutu akisema, anafungwa.

Basi njoo huku upesi, yaya. Wakikuuliza, sema mtoto wangu anaumwa.

Jirani yako Mama Ernestine alinipikia samaki muda wote wa kazi ile. Tulipochomeka vijiti vya kupimia nyuma ya jiko lake, aliniuliza, "Mutoto wangu, hivi ni vya nini?" Nikamjibu ni vya barabara. Alifurahi, akaniongezea kipande. Nikakila, yaya.

Sasa wewe, Placide. Yaya wangu hajui kusoma, na najua ni wewe, mwana wa Ernestine, unayemsomea barua zangu. Usinyamaze hapa. Msomee mpaka mwisho, halafu nenda ukamtoe mama yako, na majirani wote. Mimi wakinikamata, nitasema nilimwandikia dada yangu tu.

Mwambie mama yako hakuna barabara inayokuja.

Ni mimi,
Raphaël