Ushungi wa Saruji

Mpendwa baba,

Ile sanamu yako ya chemchemi, pale kwenye kipilefti cha mjini, wameivunja jana ili wapanue barabara. Nakuandikia viatu vyangu vikiwa bado na vumbi lake.

Unakumbuka ulivyoianza? Mwanamke ameinamia mtungi, maji yanamwagika. Mjini hakuna aliyejua ni mama, ila sisi wa Kiwalani tulimtambua kwa kile kidole cha mguu kilichopinda. Babu, baba yake mama, akakuita kwake Temeke. "Fanya kazi yako, mkwe wangu, ila uso wa binadamu usiuchonge." Ukaitikia, "Sawa, mzee." Ukaloweka khanga ya mama kwenye saruji, ukaitandaza kichwani mwa sanamu kama ushungi, ukaivuta mbele mpaka karibu na mtungi. Ndani kukabaki giza.

Mama alikuuliza miaka yote. "Humo ndani nipo, au ni zege tu?" Ukawa unacheka huku unapuliza chai. "Zege tupu, mke wangu." Ukafariki hujabadilisha jibu. Naye, mtu mzima na heshima zake, angeingiaje kwenye maji ya chemchemi mchana kweupe, watu wanamtazama?

Jana bwawa lilikuwa kavu. Katapila linanguruma, msimamizi anatazama saa, mama akavua ndala akashuka.

"Shikamoo, mama. Tunaomba utoke hapo, sie tunaanza!"

"Marahaba. Ningojeni kidogo, mwanangu."

Baba, niliogopa. Si katapila. Niliogopa akute zege tupu kweli, na maswali ya miaka yote yaishie pale mbele ya madereva wa bajaji. Nikamshika mkono, nikamwambia twende zetu. Akaniponyoka. Akapanda penye mtungi, akaingiza mkono chini ya ushungi mpaka kwenye kiwiko. Honi ikapigwa. Hakugeuka. Alikuwa anapapasa polepole, nami sioni kitu.

Honi ikapigwa tena. Akautoa mkono, mweupe kwa vumbi.

"Baba yako mwongo mkubwa," akasema. "Halafu pua kaniwekea ya mama yake!"

Ndipo akalia. Hata siku tulipokuzika hakulia vile.

Asubuhi hii nimemkuta mbele ya kioo, anajishika pua, anakusema.

Pumzika, mwongo wetu.

Ni mimi, binti yako.