Upepo wa Dirisha la Yinxiu

Dada, Yinxiu amejifungua mtoto wa kiume, kilo nne kamili! Salamu zitafuata, furaha haikunipa nafasi. Hamjambo huko Lanzhou, wewe na shemeji?

Mtoto analia kama tarumbeta. Kijiji kizima hakijapata kuona mtoto kama huyu, na bibi yake ndiye mimi! Mayai sitini ya kupaka rangi nyekundu kwa sherehe yake ya kutimiza mwezi nimeshayaweka.

Ila Yinxiu ana homa tangu jana. Shingo imekakamaa, anatetemeka chini ya mablanketi matatu. Mganga Qiao alimshika mkono akasikiliza mapigo, kisha akafoka: "Upepo wa baridi umemwingia kisogoni. Mzazi wa siku nne! Nani amefungua dirisha?"

Nikasema ni paka.

Mganga alipotoka, Yinxiu akaninong'oneza, "Mama, paka wetu ameota mikono lini?"

Ni mimi, dada. Nilifungua ili yule jirani aliyemwita mwanangu tasa asikie kilio cha mtoto. Sasa nimeziba kila ufa kwa karatasi, lakini upepo umeshaingia.

Nampa dawa ya mdalasini na tangawizi, kisha uji wa moto. Mganga anasema jasho likitoka, upepo utatoka nalo. Kila mara napapasa mgongo wake. Bado ni mkavu. Naogopa, dada.

Lakini sherehe iko palepale, na Yinxiu mwenyewe ndiye atakayewapokea mlangoni. Mdogo wako Guihe anawangoja nyote siku mtoto atakapotimiza mwezi, tarehe ishirini na moja Machi.