Maneno ya Yule Mama Niliyoyaruka

Newala, Jumapili, katikati ya Julai.

Ukungu umeingia tangu alfajiri na haujataka kuondoka. Watu wamevaa masweta, nje kunanuka salfa wanayopulizia mikorosho, na mimi nimejifungia ndani na kichwa ambacho hakinielewi. Au mimi ndiye nisiyekielewa. Hata hilo sina uhakika nalo.

Nitaandika ilivyo. Wanaosoma blogu hii ni wachache, na wengi wao ni wale wale wa kundini, kwa hiyo wakija kunitukana watanikuta nimeshajitukana.

Kwa asiyenijua, kazi yangu ni kutafsiri filamu. Nachukua filamu ya Kiingereza, naingiza sauti yangu ya Kiswahili juu yake, kisha naipeleka kwenye flashi kwa vibanda umiza, mabanda ya kuonyeshea filamu ya huku kwetu, kuanzia Masasi mpaka Tandahimba. Sauti zote ni mimi. Jambazi mimi, polisi mimi, bibi kizee mimi, mbwa akibweka pia mimi. Ndiyo maana wananiita DJ Sauti Saba. Sifa nazipenda, nisiseme uongo.

Wiki tatu zilizopita nilitoa filamu ya shujaa mmoja anayeruka angani, iliyotokana na kitabu cha katuni. Mbaya wake nilimpa jina la Bwana Kiangazi, kwa sababu anakausha mito na visima. Mtoto wake alikufa wakati wakubwa wa mji wamefunga maji, basi na yeye akaapa kwamba hakuna atakayekunywa. Mke wake akamkimbia, akajiunga na yule shujaa ili wamzuie.

Sisi wa huku juu shida ya maji hatusimuliwi. Tumebeba ndoo tangu hatujajua kuhesabu. Nilitegemea watu watamchukia Kiangazi mpaka wamtupie maganda ya karanga. Badala yake wakampenda! Mwenye kibanda cha Masasi alinipigia kuniambia kwamba Kiangazi alipoanguka mwishoni, ukumbi mzima ulizizima kama msibani.

Kundini ndiko kulikowaka moto. Kundi letu la wapenzi wa filamu lina watu wa Masasi, Newala na Tandahimba, na kwa kawaida hubishana mpira na bei ya mafuta. Safari hii walibishana wiki tatu mfululizo. Hamisi, dereva wa bodaboda wa Nanganga, ndiye aliyekuwa wakili wa Kiangazi.

"Jamani mnamwonea," aliandika. "Mtu kafiwa na mwanawe, mlitaka acheke? Asiye na moyo ni yule mkewe. Mume analia, yeye kakimbilia kwa jamaa anayerukaruka."

Wengi wakamuunga mkono. Wakasema wanawake wa filamu hizi wote ni hivyo hivyo, kazi yao kulia, kutekwa na kumrudisha shujaa nyuma. Hapo akaingia karani mmoja wa ghala la ushirika kule Mkunya, ambaye msimu wa korosho ukiisha husoma vitabu vya katuni mpaka unaofuata. Akasema kitabuni yule mama si wa kulialia hata kidogo. Ni jemadari, tena ana hotuba yake mbele ya mumewe, hotuba ambayo mtu ukiisoma unafunga kitabu kwanza upumue. Waliotengeneza filamu wamemharibu, akasema.

Kundi zima likawalaani waliotengeneza filamu. Mimi nikaweka kikatuni cha kucheka.

Kisha Mama Anjela, anayeuza mihogo ya kukaanga stendi ya Tandahimba, akatuma sauti. Huyu mama akiongea hata mafuta kwenye karai lake yanasikika yakimwitikia. Alisema, "Hiyo si ngoma ya mapiko tu hiyo? Mwanaume anajifunga tumbo la mti, lina mimba na kitovu, anaingia uwanjani anacheza, watu vigelegele. Halafu akitoka hapo anatueleza sisi uchungu wa kuzaa unavyouma. Na sisi tunajifanya hatujui ndani yuko nani."

Watu walicheka. Nilisikiliza ile sauti mara tatu. Yeye alikuwa anawasema watu wa mbali huko wanaotengeneza filamu. Hakujua kwamba aliyejifunga lile tumbo ni mimi.

Hotuba imo.

Imo kwenye filamu, dakika mbili kamili. Waliotengeneza hawakumharibu mtu. Yule mama anasimama katikati ya mto uliokauka, hana machozi, anamwambia mumewe: "Umeutangazia ulimwengu kwamba ulimpoteza mtoto. Siku anaondoka hukuwepo. Nilikuwepo mimi. Nilimshika mimi. Na mimi sijakausha kisima cha mtu."

Nilipofika hapo, nikiwa na kinasa sauti mdomoni, nilisema hivi kwa sauti nyembamba ya kuliza: "Mume wangu, rudi nyumbani, bila wewe mimi si kitu." Nikaongeza na kwikwi. Zile dakika mbili nikazijaza "nakupenda" na "nisamehe" mpaka midomo yake ilipofunga. Na Kiangazi, ambaye pale anakodoa macho tu angani bila neno, nikampa maneno. Nikampa uchungu wote niliokuwa nao. Ndiyo huo Hamisi anaoutetea kila siku.

Sasa watu wanampenda Kiangazi au wanaipenda sauti yangu? Mwizi akilia vizuri anaacha kuwa mwizi? Nimejiuliza tangu Ijumaa na kila nikipata jibu naona limevaa nguo za jana.

Niliwahi kujiambia kwamba niliiruka hotuba kwa sababu ya kazi. Watu wa kibandani hawataki maneno marefu, wanataka ngumi. Hii ni kweli. Lakini mbona filamu nyingine hotuba ndefu huwa naziweka, tena naziongezea methali?

Mwaka jana tulimzika binti yetu, Shadia. Alikuwa na miaka minne. Malaria ilimpanda kichwani siku moja, ya pili hakuiona jioni yake. Mimi nilikuwa Masasi narekodi, na ukirekodi unazima simu, maana ikilia katikati ya filamu unaanza upya. Mke wangu alikuwa hospitali peke yake.

Baada ya arobaini niliwaomba watu waache kuniita Baba Shadia. Waniite DJ tu. Wengi waliona sawa, mwanaume ana namna yake ya kubeba. Mke wangu hakukubali kuachia lake. Sokoni ni Mama Shadia, shuleni anakofundisha ni Mwalimu Mama Shadia, na mtu akisita kulitaja, yeye mwenyewe humkumbusha. Nami nyumbani ananiita Baba Shadia mpaka leo, peke yake dunia nzima. Kila akiniita nilikuwa naitika haraka ili asirudie.

Ijumaa jioni aliingia kwenye mjadala. Huwa haandiki kundini, husoma tu huku anasahihisha madaftari. Aliandika mstari mmoja: "Mnasema yule mama hana moyo. Mmemsikia akisema?"

Hamisi akamjibu kwa heshima zote. "Shikamoo mwalimu. Kasema mbona. Kasema mume arudi nyumbani, bila yeye si kitu."

Mke wangu alilaza simu juu ya madaftari. Nilijua hapo hapo kwamba ameiona ile ya asili. Hutumia kompyuta yangu kuchapa mitihani, na filamu ile, kabla sijaiingizia sauti, imo humo, na maandishi ya Kiingereza chini yake. Kiingereza ndicho anachofundisha.

"Baba Shadia," alisema, "umemnyamazisha."

Basi. Jana nzima alipika, akanisalimia, akaniuliza kama nimekula. Mambo mengine hakuna. Nyumba yenye ugomvi nimeizoea tangu kwa wazazi wangu, unajua pa kujificha. Hii ya utulivu sikujua nikae chumba gani.

Nilikasirika pia, nikiri. Nilitaka kumwambia ni filamu tu, mtu mwenyewe anakausha mto kwa kunyoosha kidole, kuna cha kunyamazishwa hapo? Nilitaka kumwambia hata mimi nilifiwa. Sikusema, si kwa ustaarabu. Niliogopa angenijibu.

Leo baada ya chakula cha mchana niliwasha mashine, nikaifungua filamu pale mtoni, nikamwita. Nikampa vipokea sauti na kinasa. Nikamwambia, sema wewe.

Alikaa kitini, akavivaa. Nikaanza kumweleza mambo ya kazi, maana hayo ndiyo ninayoyajua: midomo yake ikifunguka unaanza, ikifunga unaacha, usipumulie kwenye kinasa. Aliitikia kwa kichwa kama anavyomkubalia mtoto darasani anayejibu swali ambalo hakuulizwa.

Akaanza. Sauti yake ya kawaida, ya chini, wala hakuigiza. "Siku anaondoka hukuwepo. Nilikuwepo mimi. Nilimshika mimi." Hakulia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti.

Midomo ya yule mama ikafunga. Shujaa akashuka kutoka angani, mapigano yakaanza, magari yakarushwa. Mke wangu hakuacha. Macho yake yalikuwa kwenye kioo lakini hakuwa anaona kitu. Akasema dripu ilivyogoma kuingia mkono wa kulia wakahamia wa kushoto. Akasema kanga aliyomfunika ilikuwa ile ya bluu, na nesi aliyemshika begani alikuwa anabanwa na kikohozi. Akasema Shadia aliuliza kama baba akija ataleta sauti ya mbwa.

Hili sikuwahi kulisikia. Mwaka mzima tumelala kitanda kimoja na hili sikuwahi kulisikia, kwa sababu kila alipoanza kuieleza siku ile nilinyanyuka kwenda kuangalia kitu fulani uani.

Aliongea mpaka filamu ikaisha na majina yakaanza kupanda. Sauti imenaswa yote. Sitampa mtu yeyote. Ni yake, akitaka aifute, akitaka aiweke.

Akavua vipokea sauti, akaniuliza, taratibu kabisa, "Siku ile simu uliiwasha saa ngapi?"

Swali hili hajawahi kuniuliza. Msibani mimi mwenyewe niliwaambia watu, naye akasikia, kwamba nilikuwa narekodi mpaka saa kumi jioni. Kila mtu alinionea huruma. Kazi ndiyo ilivyo, walisema, Mungu ndiye aliyepanga.

Shadia aliondoka saa tisa na robo.

Nilimaliza kurekodi saa nane.

Zile saa mbili nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile kile Masasi, simu imezimwa mfukoni, nasikiliza sauti yangu mwenyewe. Filamu ilikuwa imetoka vizuri. Nilikuwa nairudisha nyuma kwenye vichekesho vyangu, nacheka, nairudisha tena. Mke wangu alipiga mara kumi na moja.

Nimemwambia. Hivyo hivyo nilivyoandika hapa. Ni mara ya kwanza maneno hayo yametoka mdomoni mwangu, na yametoka kwa sauti ambayo si mojawapo ya zile saba.

Amezima mashine, ameikunja waya ya kinasa vizuri kuliko ninavyoikunja mimi, amekwenda kukaa barazani. Bado yuko huko, na ukungu wote huu. Nimempelekea kanga ya kujifunika, ameipokea. Sijui kupokea kule kuna maana gani. Pengine hakuna maana, pengine ni baridi tu.

Kundini nimeandika kwamba yule mama anayo hotuba, na kwamba aliyeiruka ni mimi, wala si waliotengeneza filamu. Karani wa Mkunya ameniambia nina dhambi. Mama Anjela amekaa kimya, na si kawaida yake. Hamisi ameuliza neno moja, "Kwa nini, DJ?" Nimeanza kumjibu mara nne na nimefuta mara nne. Labda atasoma hapa.

Je, nikiirudia filamu, Kiangazi nimpunguzie maneno mpaka abaki na yale yake machache? Watu watasema nimemharibu. Na mimi je, nikipunguziwa yangu, nabaki na nini? Sijui. Kweli sijui. Nimeandika ukurasa mzima na nimetoka nilipoingilia.

Ninachokijua ni kidogo. Kesho sirekodi. Mke wangu akitaka kusema, nitakaa. Asipotaka kusema, nitakaa vilevile.