Mche wa Nyuma ya Bafu

Jumanne, 5 Agosti
Nimemwagilia nyanya na bamia. Mgongo unauma kama kawaida. Jogoo wa jirani kala mchicha tena, nimemtukana yeye na ukoo wake mzima.
Mwajuma kapiga simu kutoka Korogwe. Mwezi ujao wanamsomea hitma marehemu baba mkwe wake. Bi Hadija, mama mkwe, kawagawia wake za wanawe kazi. Binti yangu kapewa nyanya za mapishi. Anauliza bustani yetu itatoa kiasi gani, asije akaahidi hewa. Hajajaaliwa mtoto, na kule hawajawahi kumkabidhi jambo la maana. Hili ndilo la kwanza. Nimemwambia subiri, baba yako anahesabu.

Jumatano, 6 Agosti
Nimehesabu. Njia yangu ni ileile. Chagua mche mmoja, hesabu matunda yake, zidisha kwa miche yote. Nimechagua ule wa nyuma ya bafu kwa sababu unapendeza, na pale pana kivuli cha kukaa. Matunda na maua, vyote pamoja, arobaini. Miche yote sitini. Darasa la nne langu limetosha. Matenga manne. Nikaongeza la tano la heshima.
Mke wangu kapita na ndoo. "Huo mche unaoga na wewe kila siku, mzee. Ile mingine inaoga na nani?"
Nimemwambia ana wivu. Nikampigia Mwajuma: matenga matano, waambie hao wakwe zako Wasambaa wasinunue hata nyanya moja. Kacheka. Sijamsikia akicheka vile siku nyingi.

Jumapili, 17 Agosti
Jua la hapa kwetu Mkata halina adabu. Maua yamepukutika, chini kumepambwa utadhani sisimizi wana harusi. Mche wa bafuni peke yake ndio unaringa. Nimeukagua wa katikati. Matunda sita. Wa pembeni, manne. Nikaacha kukagua.
Jioni Mwajuma kapiga. Ukweli ulikuwa mdomoni kabisa. Akaniwahi, akasema Bi Hadija amemwita "mwanangu" mbele ya watu, kwa ajili ya zile nyanya.
Nikasema nyanya zinaendelea vizuri.
Mjinga mimi.

Jumatano, 27 Agosti
Nimebeba maji kisimani wiki nzima kama punda wa kukodi. Nikazimwagia nyanya asubuhi, nikazimwagia jioni. Sasa zinaoza kitako. Juu nzima, chini nyeusi. Ukizinyima maji kisha ukazigharikisha, ndivyo zinavyokulipa. Nilikuwa nalijua hilo. Nimewafundisha watu hilo.
Mke wangu kasema mpigie mtoto, bado ana nafasi ya kutafuta kwingine. Nimesema kesho.
Sipigi kesho. Simwogopi Bi Hadija. Naogopa Mwajuma ajue baba yake anabahatisha.

Jumamosi, 6 Septemba
Ndoo moja. Haikujaa. Nzuri nimezipanga juu, kama wauzaji wa stendi.
 

Jumapili, 7 Septemba
Korogwe, kwa basi la asubuhi. Uani masufuria yapo motoni, nyama inachemka, vitunguu vimeshakatwa, kina mama wanangoja nyanya. Mwajuma kaja mbio kunipokea. Kaangalia ndoo. Kaangalia nyuma yangu, kama kuna mtu anashusha matenga.
Mdogo wa marehemu, Mzee Shemdoe, akapaza sauti: "Mzigua, hizo ndizo nyanya au ni mbegu umetuletea?"
Sisi Wazigua na wao Wasambaa ni watani. Penye msiba au hitma mtani anasema lolote, na hakuna ruhusa ya kununa. Nikaona mlango, nikapita. Nikasema, "Mimi nilimwambia ndoo. Matenga kayazaa huyu binti yangu. Si mnalalamika hazai?"
Uwanja mzima ukacheka. Mzee Shemdoe kakaa chini kwa kucheka. Nilijiona hodari, labda kwa muda wa kumeza mate. Kisha nikamwona Mwajuma. Kainama, anaosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Bi Hadija alikuwa anamtazama yeye, si mimi.
Akatumwa mtu sokoni kwa pikipiki. Chakula kilichelewa. Wageni walikula jua likiwa limeshainama.
Mwajuma alinisindikiza stendi. Hakulia. Alisema neno moja tu, basi likiwa linaunguruma.
"Wewe ni mtani wao, Baba. Mimi ni mke wa humu ndani."

Jumatatu, 8 Septemba
Sikula. Mke wangu kauliza nilisema nini huko, nimemwambia lote. Katoka, kaenda kukaa nje.
Aibu. Ndiyo hiyo. Mzee mzima nimejificha nyuma ya tumbo la mwanangu.

Jumatano, 10 Septemba
Nimepanda basi, nimerudi Korogwe. Hili si la simu. Nimemkuta Bi Hadija anachambua mchele. Nikamwambia bila utani: hesabu niliifanya mimi, matenga niliyasema mimi, Mwajuma alibeba maneno yangu kama nilivyompa. Na nilijua mapema, nikanyamaza. Na lile la uzazi halikuwa la kusemwa na baba.
Kaendelea kuchambua. 
"Ungekuja na maneno haya siku ile," akasema, "na ile ndoo ingetosha."
Mwajuma kaniletea chai. Kaiweka, kaondoka. Chai ilikuwa na sukari, kama ninavyoipenda. Sikuweza kuimaliza.

Ijumaa, 19 Septemba
Jogoo kapita, sikumtukana.
Mchana ujumbe umeingia. Mwajuma: "Shikamoo Baba. Nakuja Jumapili. Bamia zipo ngapi?"
Nimekwenda bustanini na bakuli. Nimepita kila shina la bamia, hata yale manyonge ya pembeni. Nimechuma kwanza, ndipo nikahesabu. Maua nimeyaacha yalivyo.
Nimemwandikia: "Bakuli moja. Halijajaa."
Kajibu: "Zinatosha."
Mche wa nyuma ya bafu bado unazaa. Nimeumwagilia maji kidogo, sawa na mingine.